Mzizi Usiofuatwa

Jua lilikuwa linazama Onesmo alipochukua moko yake, ile nondo ya kuchongea mwamba, akaenda mlimani kuchimba dawa. Mwanawe wa pekee, Mageni, alikuwa akikakamaa kwa degedege tangu asubuhi. Zahanati walishampeleka. Sindano haikusaidia kitu.

Mama mkwe alimfuata hadi uani.

"Baba Mageni, mti umebaki mmoja ngitili nzima. Chimba upande wa mawio. Kata mzizi mmoja, mwembamba kama kidole. Funika shimo, uondoke. Usiufuate mzizi."

"Nimesikia, mama."

Alisikia kwa masikio tu.

Ngitili, lile pori la mlimani ambalo wazee walilifunga lisichezewe, lilikuwa limebaki jina. Wauza mizizi walishalichimbua, wakapakia magunia kwenye pikipiki. Hakuna aliyerudishia udongo, hakuna aliyeotesha hata mche. Wajinga wakubwa! Unakula kuku na mayai yake, kesho utaangua nini?

Onesmo akachimba. Mzizi wa kwanza ulikuwa kama kidole. Akaukata, akautia mfukoni. Pembeni yake akauona mwingine.

Onesmo alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Rwamgasa, na mchimbaji hajui kuacha mwamba wenye mali. Akiuona, anaufuata mpaka unakoishia. Na kidole kimoja kitamtosha nini mtoto anayekufa?

Akaufuata.

Mzizi haukupungua. Ulinenepa... Ulikuwa na joto. Ukatoa harufu ya maziwa, kama kinywa cha mtoto mchanga.

Kutoka bondeni, nyumbani kwake, akamsikia Mageni akilia. Akaongeza nguvu. Wahi, Onesmo, wahi!

Ngo! Kilio.

Ngo! Kilio.

Akatua kidogo afute jasho.

Kimya.

Akaugusa mzizi kwa ncha ya moko. Taratibu tu...

Kule chini mtoto akapiga yowe.

Moko ikamponyoka.

"Rudisha udongo," sauti ya kike ilinong'ona nyuma ya mti. Sauti iliyochoka. "Rudisha, baba. Umeshachukua cha kukutosha."

Hakuthubutu kuangalia ni nani. Alirudisha udongo kwa viganja, kwa kucha, huku akilia.

Mageni alikunywa maji ya ule mzizi wa kidole, akapona. Ila mgongoni ana kovu refu, limepinda kama mzizi, na hakuna aliyemkata.

Onesmo aliacha kushuka mashimoni. Sasa anabeba maji kupeleka mlimani. Anaotesha mbegu za mti ule kwenye viroba, zinachipua, zinakauka. Mti ukipukutisha majani, Mageni hali chakula.

Jana magharibi alimkuta mwanamke amepiga magoti pale shinani. Mtoto mgongoni, macho yamegeuka meupe.

"Kaka, nakuomba. Kidole kimoja tu. Nitafunika."

"Nenda hospitali, dada."

"Ndiko nilikotoka."

Onesmo alisimama kati yake na mti. Alifungua mdomo aseme hapana. Mtoto akakoroma mgongoni kwa mama yake.

Akasogea.

"Upande wa mawio," alinong'ona. "Kwa mkono. Usitumie chuma. Na unisubiri kidogo, dada... unisubiri nifike nyumbani."

Akateremka mlima mbio, awahi kumshika mwanawe.

Lakini mama mwenye mtoto anayekata roho hasubiri. Onesmo alikuwa hajafika hata nusu ya njia alipomsikia Mageni akipiga yowe.