Sindano ya Jumapili

Upepo wa Nakuru hauna adabu. Agosti ya mwaka 1966, siku ya soko, ulizoa vumbi jeupe kutoka ufuoni mwa ziwa ukalimwaga mjini, wachuuzi wakafumba macho na kulalia bidhaa zao. Anyango, muuguzi wa zahanati ndogo nyuma ya soko, alikuwa anakimbilia kazini na sare yake nyeupe aliyoipiga pasi alfajiri. Ghafla kitambaa cha samawati kisicho na mwisho kikamwangukia kichwani, kikamzonga hadi magotini.

"Usisogee, Sister! Ukikanyaga umenimaliza!"

Aliyekuja mbio ni kijana mrefu wa Kisikh, nywele amezifunga fundo utosini, mikono ina grisi hadi viwikoni. Huyo alikuwa Amrit, fundi wa gereji ya malori aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kilemba kikitoka kufuliwa hutaka watu wawili wakivute na kukikunja kingali na unyevu. Mwenzake alikuwa amepiga chafya, akaachia.

"Hiki ni kilemba ama ni hema?" Anyango aliuliza kutoka ndani.

"Ni mita tano tu."

"Tano! Wewe Kalasinga, nguo yangu ya harusi haitafika tano."

"Basi shika upande huo, mimi nivute huu. Siku ya harusi nitakuazima."

Akashika. Na kila Jumamosi baada ya hapo, kabla ya kwenda kazini, alipitia nyuma ya gereji akashika upande wake. Mama yake Amrit, mjane mnyamavu, aliwaona kupitia dirisha la jikoni. Alifunga pazia.

Miezi kumi na minane ikapita hivyo, kwa utani na kunong'ona. Kisha ukaja mwaka wa 1968, na kila kitu kikaharakishwa. Amrit na mama yake walikuwa na pasipoti za Uingereza. Leseni ya gereji ilikataliwa kwa kuwa hawakuwa raia wa Kenya. Halafu redio ikatangaza kwamba Uingereza nayo inatunga sheria ya kuwafungia mlango watu kama wao, na kwamba mwezi wa Februari ukiisha, huenda aliye nje akabaki nje. Kaka yake Amrit, Ajit, alituma tikiti mbili kutoka London.

Jumatano, tarehe ishirini na moja Februari, Amrit aliingia zahanati na kuketi mbele ya Anyango. Alikunja mkono wa shati.

"Tunaondoka Jumatatu. Wanataka cheti cha chanjo ya ndui."

Anyango aliichukua sindano. Akamchanja. "Umechelewa. Cheti hakikubaliwi mpaka siku nane zipite."

"Najua." Amrit alimtazama kana kwamba anangoja kitu.

Anyango alihesabu kwa vidole kurudi nyuma kutoka Jumatatu, macho yakiwa yamejaa machozi. Katika kile kijitabu cha manjano akaandika: tarehe kumi na nane. Akapiga muhuri.

"Haraka hivyo?" Amrit alisema. "Kumbe unanisukuma."

"Si wewe ndiye umekuja na mkono umekunjwa?"

Amrit aliondoka bila kufunga kifungo cha shati.

Jumapili jioni, zahanati imefungwa kwa wagonjwa, simu ililia Anyango akifagia ndani.

"Ndege ni kesho saa kumi," ilisema sauti ya Amrit. "Usijisumbue kuja."

"Nani alikuambia nakuja?"

Waya ulikwaruza.

"Basi vizuri," Amrit alisema.

"Vizuri."

Kesho yake Anyango alipanda basi la kwanza kwenda Nairobi, amevaa sare, akijua kwamba mwenye sare hazuiwi sana milangoni.

Ukumbi wa uwanja wa ndege wa Embakasi ulikuwa kama msiba usio na maiti. Familia nzima nzima zilisimama kwenye foleni, zimevaa koti juu ya koti katika joto lile, kwa sababu sanduku lilikuwa na kipimo lakini mwili haukuwa nacho. Watoto walilowa jasho ndani ya sweta tatu. Wazee walishika pasipoti kwa mikono miwili. Anyango alisimama kwenye kamba ya wasindikizaji na kuona kilemba cha samawati kikipanda juu ya vichwa vya wengine.

Sanduku lao liliwekwa kwenye mizani.

"Limezidi kilo tatu," karani alisema. "Punguzeni."

Amrit alipiga magoti, akafungua, akatoa tawa: kile kikaango bapa cha kupikia chapati, chuma kizito cheusi kama lami. Mama yake alikikumbatia kifuani, masizi yakapaka sweta ya juu.

"Hii hapana acha," alisema.

"Mama, tutanunua nyingine."

"Hii hapana acha."

Sanduku likapita. Wakasogea kwenye meza ya afya, mama na tawa yake kifuani. Mkaguzi aliitwa Kimaiyo, mtu mpole mwenye miwani. Kijitabu cha mama hakikuwa na shida. Alipofungua cha Amrit, aliangalia kalenda ukutani, akaangalia tena kijitabu.

"Tarehe kumi na nane ilikuwa Jumapili. Huko kwenu zahanati hufunguliwa Jumapili?"

Anyango, hatua tano tu kutoka mezani, aliikamata kamba kwa mikono miwili. Siku nane alizihesabu vizuri. Jina la siku hakulihesabu.

"Nani alikuchanja?" Kimaiyo aliuliza.

Amrit aligeuka. Macho yake yalimkuta Anyango, yakamruka haraka. "Simjui. Tarehe imekosewa, mzee. Sijatimiza siku."

"Basi leo husafiri, kijana. Siku nane zikitimia, rudi."

"Siku hiyo mlango utakuwa umefungwa."

"Hilo si langu."

Na Anyango akaona kitu alichokingoja tangu Jumatano: mabega ya Amrit yalilegea, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kunyamaza tu kungetosha. Anyamaze, na Jumamosi ashike upande wake wa kilemba.

Lakini mama alikuwa amemshika Kimaiyo mkono wa koti. "Baba, mimi peke yangu hapana jua kusoma. Mtoto moja iko huko, mtoto moja iko hapa. Mimi nakwenda wapi?"

Anyango aliinama, akapita chini ya kamba.

"Ni mimi nilimchanja," alisema. "Wasafiri walikuwa wengi. Nilifungua Jumapili."

Kimaiyo alimtazama sare yake, kisha uso. "Dada, utaandika hivyo na kutia sahihi. Na mimi nitaiandikia zahanati yako iniletee daftari la Jumapili hiyo. Bado unataka kuandika?"

Daftari la Jumapili hiyo halikuwa na hata mstari mmoja.

"Nipe kalamu," alisema Anyango.

Aliandika jina lake lote. Muhuri ukagonga.

Amrit alimvuta kando ya nguzo. "Kwa nini hukunyamaza? Neno langu lingetosha kunirudisha Nakuru!"

"Urudi ufanye nini? Umwangalie mama yako kila asubuhi, kisha uniangalie mimi?" Alimshika ule mkono uliochanjwa. "Mbona Jumatano hukusema hutaki kwenda?"

"Nilingoja useme nisiende."

"Nami nilingoja useme hutaki."

Walicheka, kicheko kibaya chenye machozi.

"Nani atanishikia upande wa pili?" Amrit aliuliza.

"Funga kwenye kitasa cha mlango."

"Kitasa hakitaniita Kalasinga."

Abiria waliitwa. Mama alisimama mbele ya Anyango kwa mara ya kwanza bila dirisha katikati. Alimwekea tawa mikononi.

"Sabuni hapana," alisema. "Mafuta kidogo. Kila siku."

Kisha akaongeza maneno ya Kipunjabi na kuondoka bila kugeuka.

"Amesemaje?"

Amrit aligusa ukingo wa tawa. "Kwamba alipewa na mama mkwe wake."

Kwenye roshani ya wasindikizaji, mamia ya leso nyeupe zilikuwa zikipepea. Huko chini abiria walitembea juu ya lami na makoti yao, wote wakifanana. Amrit alisimama kwenye ngazi ya ndege, akitafuta, asimwone. Anyango aliinua tawa kwa mikono miwili juu ya kichwa, doa moja jeusi kati ya weupe wote ule, masizi yakimshukia kwenye mikono ya sare.

Amrit akaliona. Aliinua ngumi mbili hewani, akafumbata kitambaa kisichokuwepo, akakivuta, akangoja.

Anyango aliibana tawa kwapani, akashika upande wake. Hakuuachia mpaka mlango wa ndege ulipofungwa.