Mkono wa Nyama ya Tumbo

Mwaka wa tisini na nne, asubuhi ya kawaida kabisa, Roselyn alikuwa akianika dagaa wa omena mbele ya nyumba yake huko Ndhiwa wakati mke mwenzake, Lynnet, alipovutwa mkono na kinu cha kukamua miwa. Ngozi yote ya mgongo wa mkono ikabanduka.

Kwenye hospitali ya misheni daktari aliushona mkono huo tumboni mwa Lynnet mwenyewe, ukae hapo hadi nyama ya tumbo iushike, ndipo autenganishe. Siku hizo zote mume wao, Nicanor, alimlisha Lynnet kwa vidole vyake. Roselyn, mke mkubwa, alitazama na roho ikamchoma. Tangu aolewe alikuwa hajawahi kulishwa hata tonge moja.

"Wacha nikuambie," alimnong'oneza Lynnet kitandani. "Kwa hii boma kila kitu huanza kwangu. Kupanda, kuvuna. Hata hiyo nyama ingetoka kwa tumbo yangu kwanza."

"Sawa, mikai," Lynnet akamjibu kwa heshima ya mke wa kwanza.

Mkono ukapona. Lakini Lynnet alipofungua bendeji nyumbani, Roselyn aliona kwenye ile nyama doa jeusi la kuzaliwa, lenye unywele mmoja. Alilijua. Alikimbilia kwake, akafunga mlango, akapandisha blauzi. Doa lake la kando ya kitovu halikuwepo. Palikuwa na kovu refu, lenye alama za sindano.

Jioni hiyo Nicanor alikaa nje akiukanda mkono wa Lynnet kwa mafuta, na Roselyn, peke yake ndani, alivisikia vidole vya mumewe tumboni mwake. Alilia kwa raha, kisha kwa wivu, maana macho ya mume yalikuwa kwa mwingine.

Ikawa hivyo kila jioni. Hadi mchana mmoja Lynnet alipokuja mlangoni na jiko la makaa.

"Nesi alisema hii nyama haisikii kitu," alinong'ona. "Mzee akiikanda, sisikii. Nani husikia, mikai?"

Lynnet akaulaza mgongo wa mkono juu ya makaa. Hakukunja uso.

Sisi majirani tulisikia ukelele mmoja. Tumbo la Roselyn lilikuwa limeungua vibaya, na blauzi juu yake nzima. Hospitalini nesi alisafisha kidonda, akavuta kitu kwa kibano, akakiinua kwenye mwanga. Uzi mweusi wa daktari, wenye fundo.

"Mama," akauliza, "ulipasuliwa wapi?"