Fundo la Nyasi Kwenye Kilima cha Mkwe Wangu

"Ukiuweka huo mguu chini, Chenda, hatutapata hata cha kuzika."

Maneno ya baba mkwe wangu hayo, asubuhi kweupe, mimi nimesimama mguu mmoja kama kuku wa mvua, katikati ya kilima ambacho kijiji kizima wanakiogopa. Na nilikuwa nimekuja kumfumania yeye!

Nyie, msinihukumu bado. Tulieni niwape yote.

Mzee anaitwa Noeun. Kijijini wote tunamwita Ta Noeun, yaani babu, hata watu wa rika lake. Alipigana upande wa msituni mpaka mvi zikamtoka. Vita vilipoisha, wanajeshi wa pande zote mbili wakapewa mashamba kijiji kimoja hapa kwetu mpakani, wakaambiwa ishini. Wazee wengi wa hapa wanatembelea magongo au mguu wa bandia. Ta Noeun ana miguu yake miwili, mizima kabisa.

Watu walikuwa wanalisema hilo kwa utani, ila utani wenye jicho. Ming Sarom, shangazi yangu aliyenilea, hakutania hata kidogo. Yeye alisema anayejua pa kukanyaga ni yule aliyetega mabomu.

Baba yangu mzazi alikuwa upande wa serikali. Vitani alitoka mzima. Akaja kufa kwa bomu amani imeshapatikana, kwenye kilima hichohicho, alipokwenda kukata machipukizi ya mianzi. Nilikuwa mdogo, lakini kuna kitu alinifundisha ambacho sijawahi kukisahau: ukiona nyasi zimefungwa fundo, zikwepe. Chini yake kuna bomu. Ndivyo walivyoonyana kwenye jeshi lao.

Sasa nikaolewa na Vichet, mtoto wa huyu mzee. Mume mzuri, sina neno. Ila baba yake... tangu niingie nyumba ile hajawahi kunitazama usoni. Nikimwekea wali anaangalia sahani. Nikimsalimia anaitikia huku anaangalia mlango.

Mwaka huu Vichet akasema kilima kile atakilima muhogo, maana miaka mingi hakijalipuka kitu. Baba yake akakataa, sababu hakutoa. Vichet akasema trekta inakuja, sikukuu ya marehemu ikiisha tu, na ataiendesha mwenyewe. Mzee akachovya wali kwenye prahok, ule mchuzi wetu wa samaki waliochachushwa, akatafuna.

Kuanzia hapo akawa anadamka na kisu na kikapu, anarudi ametapakaa tope mpaka viwikoni. Ukimuuliza, anasema alikuwa anatafuta uyoga. Uyoga wenyewe hatukuuona.

Siku moja nikapita chini ya kilima nikitafuta ng'ombe wetu. Nikaona fundo la nyasi. Bichi! Limefungwa siku ileile.

Nikamwambia shangazi, naye akanimalizia: mzee anatega upya, hicho kilima anakitaka kwa ajili ya mwanawe mdogo, yule anayemfuata Vichet. Nikamwambia Vichet, akaniambia nimwache baba yake. Akilini nilimwona mume wangu juu ya trekta ile, nikajiona mimi na kitambaa cheupe cha msiba kichwani. Sikulala vizuri tena.

Ndipo nikamfuata.

Nilimkuta amepiga magoti juu kidogo ya njia ya ng'ombe, mikono yote miwili imezama ardhini. Nikasema moyoni, leo nimekukamata. Nikapanda haraka, nikaona fundo mbele yangu, nikainua mguu nilikwepe kama baba alivyonifundisha.

Hapo ndipo aliponiambia yale maneno ya mguu. Na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni.

"Kwa hiyo unakubali umetega," nikamwambia.

"Kanyaga fundo."

Nikacheka. Kile kicheko cha woga, mnakijua.

"Baba yangu alisema fundo ni bomu."

"Kwenye jeshi lao. Kwetu sisi fundo lilikuwa maana yake pamesafishwa, mwenzangu pita." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Pembeni ya fundo bado sijapafikia. Kanyaga fundo, mwanangu."

"Njoo unitoe!"

"Siwezi. Nimelishika hili. Nikiliachia tunakwenda wote."

Jamani. Paja lilianza kutetemeka. Upande mmoja baba yangu, marehemu, aliyenipenda. Upande wa pili mzee niliyemwita muuaji jikoni kwangu mwenyewe. Mmoja wao lazima awe mwongo, na mguu wangu ndio utakaoamua.

Nikaliangalia fundo. Nyasi zake zilikuwa zimelala. Na kwenye tope, katikati yake, kulikuwa na alama ya tairi la gari. Kandambili za Ta Noeun ni za tairi, alizikata mwenyewe.

Alikuwa amelikanyaga.

Nikafumba macho, nikakanyaga.

Ardhi ikatulia. Nikageuka polepole, nikarudi njia ya ng'ombe, nikakaa chini. Baada ya muda mrefu alishuka na kitu kwenye kikapu, cha duara, kimejaa kutu. Akakitua mbali nami. Nikaanza kumwomba radhi, nalia kama mtoto.

Halafu akili ikafika mahali ambapo sikuitaka ifike.

"Baba... ulianza lini kuyatoa?"

"Vita vilipoisha. Tuliyatega sisi. Niliona aibu kusema."

"Na mafundo?"

Akavua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja.

"Tangu mwanzo," akasema. "Baba yako aliliona fundo langu, akapita pembeni. Mimi ndiye niliyembeba kumshusha. Niliwaambia watu nimemkuta tu."

Nilinyanyuka nikaenda nyumbani, nikamwambia Vichet. Trekta haikuja. Wateguaji wa mabomu ndio waliokuja, na Ta Noeun aliwaonyesha kila mahali, mbele ya kijiji kizima, akasema nani alitega. Shangazi hamsemeshi mpaka leo. Simlaumu.

Mimi nilimchukia pia, nisiwadanganye. Niliacha kumpakulia. Lakini kila nikimtafuta mwongo kati ya baba yangu na Ta Noeun, simpati. Kila jeshi lilifunga fundo kuwaokoa wenzao. Hakuna aliyemuuliza jirani yake, wewe kwenu hili lina maana gani? Miaka yote wazee wa hapa wanakunywa pombe ya mchele meza moja, na hakuna aliyeuliza. Nyie mnaoishi na mtu msiyemwelewa, muulizeni angali hai.

Sikukuu ya marehemu ilipofika, nilibeba wali wangu mpaka kwenye kaburi la baba. Nikageuka, nikamwona Ta Noeun amesimama mbali, kando ya ua, na ubani mkononi. Hathubutu kuingia.

Nilimwangalia sana. Nikainama, nikashika nyasi zilizokuwa mbele ya kaburi, nikazifunga fundo.

Mzee akaliona.

"Baba," nikamwambia, "pita."