Maji ya Kasha la Chanjo

Gari lilizama polepole, bila kishindo. Gurudumu la mbele la kushoto lilipasua ganda la chumvi, likatafuta pa kukanyaga, likakosa, na la nyuma likafuata. Fundi alikanyaga mafuta mara mbili, akasikia matairi yakizunguka kwenye kitu laini kama uji mzito, akazima injini. Mbele yao, nyuma yao na kila upande, ziwa lililokauka lilikuwa jeupe mpaka macho yanauma.

"Nilikwambia ushike kulia," baba yake alisema.

Alikuwa amemwambia ashike kushoto. Saa mbili zilizopita, pale barabara kuu ilipoanza kulizunguka ziwa, mzee alinyoosha kidole akasema, "Kata hapa. Tutaokoa nusu siku." Naye akakata. Kwa miaka arobaini na ushee madereva wa malori walimwita baba yake Ramani, na hakuna aliyewahi kusema kwamba alifuata kidole cha Ramani akapotea.

Kazi ya Fundi ilikuwa kutengeneza friji za zahanati. Safari hii alikuwa anakwenda kwenye zahanati ng'ambo ya ziwa, ambako friji ilikuwa imekufa na surua imeingia. Bohari ya dawa ilimkabidhi pia kasha la chanjo, akaambiwa lisifunguliwe njiani kwa lolote, kwa sababu likifunguliwa baridi inatoka na chanjo inabaki maji ya kumwaga. Baba yake alikuja naye kwa kuwa hakukuwa na wa kukaa naye nyumbani. Kaka yake alisema nyumba yake imejaa. Wifi yake alifunga tu mlango wa jikoni.

Fundi alishuka akazunguka gari. Ekseli ilikuwa imelala kwenye tope. Hilo halikumtisha sana, maana alishawahi kunasa pabaya kuliko hapo. Ukiwa na sepetu, jeki, mbao mbili na maji ya kutosha, unatoka popote. Hayo alifundishwa na baba yake tangu ana miaka kumi na miwili, kwa ukali, vitu vyote vikishushwa chini na kupakiwa upya mbele ya marafiki zake, eti kwa kuwa hakujua tochi imewekwa wapi.

Alifunua turubai. Sepetu haikuwepo. Jeki haikuwepo. Mahali pake palikuwa na pasi ya mkaa, mto wa kulalia uliovishwa foronya safi, na viatu vya mama yake, vimefungwa kwenye gazeti vizuri, kisigino kwa kisigino.

Mama yake alikuwa na miaka mitano kaburini.

Alivishika vile viatu kwa muda, kisha akavirudisha. Akaenda kwenye madumu. Yalikuwa matatu, ya lita kumi kumi, yamepangwa mstari mmoja kama siku zote. La kwanza lilikuwa zito. La pili alilinyanyua kwa nguvu nyingi mno, nusura limpige usoni, kwa sababu lilikuwa jepesi kama boga kavu. La tatu pia. Yalikuwa yameoshwa, yakakaushwa, yakafungwa vifuniko kwa kukazwa.

"Baba, maji yako wapi?"

"Si hayo hapo?" Mzee alimtazama kama mtu anayeulizwa jua liko wapi. "Nimeyapanga mwenyewe."

Na kweli aliyapanga mwenyewe. Asubuhi ile alikuwa amesimama mlangoni, mashati yamepigwa pasi, akamwambia binti yake, "Kila kitu tayari, mama." Fundi aliona rangi ya njano ya madumu yote matatu, akagusa la kwanza, akaridhika. Wiki tatu kabla aliwahi kufungua kamba alizofunga mzee ili azikaze upya, na mzee akakaa siku mbili bila kumsemesha. "Siku hizi unanipekua kama mwizi," ndicho alichomwambia siku ya tatu. Kwa hiyo safari hii aliamua kumwachia heshima yake. Sasa alikuwa amesimama nayo hiyo heshima mkononi, dumu tupu.

Simu haikuwa na mtandao. Barabara kuu ilikuwa mbali, kilomita hamsini au zaidi, na mzee hakuweza kutembea hata tano.

Alianza kazi. Alichomoa bati la mgongo wa friji lililokuwa kwenye vipuri, akalikunja ncha, akalifanya sepetu. Alichimba kuanzia saa tano mpaka jua lilipomsukuma chini ya gari. Tope lilikuwa linarudi. Alikuwa akitoa bati moja, mawili yanateremka. Viganja vilipasuka, chumvi ikaingia kwenye michubuko, akang'ata ukosi wa shati ili asipige kelele mbele ya baba yake.

Jioni ndipo alipoelewa. Tope lile lisingeondoka kwa kuchotwa. Ilibidi likaushwe. Akachimba mfereji mwembamba kutoka kila gurudumu kwenda upande uliokuwa umeinama kidogo, na maji ya chumvi yakaanza kutiririka taratibu, uzi kwa uzi. Upepo na jua vingefanya kazi iliyobaki. Alipiga hesabu: siku mbili. Ndani ya dumu zilibaki lita sita. Zingetosha kwa shida, wakikaa kivulini na kunywa kwa kifuniko.

"Baba, hili dumu tusiliguse ila mimi na wewe tukiwa pamoja. Sawa?"

"Unanifundisha maji mimi?"

"Sikufundishi. Nakuomba."

Walilala kwenye viti. Asubuhi Fundi aliamka na jua, akaenda kuvunja kreti ya mbao iliyobeba mashine ya friji, apate mbao za kuweka chini ya matairi. Alipiga nyundo kwa nusu saa, misumari migumu, akili yote kwenye misumari. Aliporudi alimkuta mzee ameinama mbele ya gari, boneti wazi, mikono ya shati imekunjwa, anapiga mluzi. Chini ya injini palikuwa na dimbwi la maji ya kijani likinywewa na chumvi.

Dumu lilikuwa limelala ubavu, mdomo wazi.

"Nimebadilisha maji ya rejeta," Ramani alisema, akifuta mikono kwa kitambaa. "Yalikuwa machafu. Ulitaka injini ife?"

Fundi alipiga magoti akafungua koki ya chini ya rejeta, akakinga kikombe. Yalitoka maji yenye rangi ya majani, yananuka dawa ya kupoza injini iliyobaki ndani. Alijua dawa ile hufanya nini kwenye figo. Alifunga koki. Aliinuka, akatembea hatua mia moja kwenye ule weupe, akasimama akiwa amempa mgongo baba yake, na wazo likaja, likakaa. Yeye ana miguu. Akiondoka jua likishuka, akatembea mpaka alfajiri, atafika barabarani. Peke yake atafika. Alilitazama wazo lile kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumweleza mtu yeyote baadaye.

Kisha akarudi.

Kufika saa nane mzee alikuwa ameacha kutoa jasho. Midomo ilikuwa imetoka magamba, na aliongea na turniboi wake wa zamani, msaidizi wake wa lori, akimwambia afunge vizuri mlango wa nyuma. Baadaye akamwita Fundi kwa jina la mama yake. Alimwomba maji kwa upole, kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake.

Kasha la chanjo lilikuwa chini ya kiti, limekaa kivulini, limefungwa kwa mikanda miwili. Ndani yake, kuzunguka vichupa vya chanjo, kulikuwa na chupa bapa kumi na mbili za plastiki. Zilijazwa maji safi kisha zikagandishwa. Maji tu, hayana dawa. Alikuwa amejua hivyo tangu jana, na tangu jana alikuwa akijizuia kuangalia upande ule.

"Nne tu," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Alifungua, akatoa nne, akafunga haraka. Alizipasua kwa bisibisi. Barafu ilikuwa imebaki kama ulimi mwembamba katikati. Alimwekea baba yake kipande midomoni, akakilowesha kitambaa akamfunga shingoni, akamnywesha kidogo kidogo. Yeye mwenyewe alikunywa mafunda matatu, na mwili wote ukataka zaidi kwa hasira kama mnyama.

Lile kasha alilifukia kwenye tope lenye ubaridi la chini ya gari, akaacha kifuniko tu nje. Lilisaidia kidogo. Hesabu yake ilikuwa kwamba chupa nane zilizobaki zingeihifadhi chanjo mpaka kesho jioni. Lakini kesho yake, kabla ya saa sita, mzee alianza kutetemeka, macho yamegeuka, na Fundi akafungua tena. Akatoa mbili. Halafu mbili. Alipozitoa za mwisho hakukuwa hata na barafu. Zilikuwa maji vuguvugu, na alizinywa akiwa anatazama vile vichupa vidogo vimesimama kwenye safu zao, vimefungwa vizuri, havina pa kujificha na joto. Alifunga kasha kwa mikanda yote miwili kana kwamba bado kulikuwa na kitu cha kulinda.

Alfajiri ya siku ya nne tope la chini ya magurudumu lilikuwa limeshika, gumu kama sabuni. Alipunguza upepo matairi yote manne, akasukuma vipande vya kreti chini yake kwa nyundo, akatandika mazulia ya gari juu. Akapanda. Mzee alikuwa ameketi wima, macho yametulia. Fundi aliweka gia ya kwanza.

"Ya pili," baba yake alisema.

Alimgeukia.

"Ya kwanza ina nguvu nyingi, itazungusha tairi. Weka ya pili. Usiguse mafuta. Achia klachi kama unamfunika mtoto aliyelala."

Ilikuwa sauti ileile iliyomwambia akate kushoto. Haikuwa na tofauti yoyote, si kwa lafudhi wala kwa uhakika. Fundi alikaa na mkono kwenye gia, akijua kwamba akikosea mara hii hakuna chupa nyingine ya kupasua. Akaweka ya pili. Akaachia klachi taratibu mpaka mguu ukauma. Gari lilitikisika, mbao zikalia, moja ikavunjika, na kisha pua ya gari ikainuka kama ng'ombe anayesimama, wakawa juu.

"Usisimame," Ramani alisema. "Fuata nyayo zako mwenyewe."

Alizifuata mpaka barabara kuu. Dereva wa lori la mkaa aliwapa maji na pampu, hakuuliza mengi. Mzee alimkosoa namna alivyofunga mzigo wake, na alikuwa sahihi.

Walifika zahanati alasiri. Nesi alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na kwenye mabenchi ya nje kina mama walikuwa wamekaa na watoto wao, tangu jana yake, wakisubiri. Alilipokea kasha kwa mikono miwili. Akalifungua mezani, akachungulia kipimajoto, akakitoa akakitazama tena karibu na dirisha.

"Barafu ziko wapi?"

"Tulizinywa."

"Nani alifungua?"

"Mimi."

"Na maji yenu ya kunywa?"

Kupitia dirishani, Ramani alikuwa ameshakaribishwa benchi. Mama mmoja alikuwa amempa kikombe, naye alikuwa akiwasimulia jinsi alivyolitoa gari ziwani, gia ya pili, mafuta usiguse, na wanawake walikuwa wakicheka kwa adabu. "Binti yangu anajua friji," Fundi alimsikia akisema, "lakini njia bado hajaijua."

"Sikuyaangalia vizuri kabla ya kuondoka," Fundi alimjibu nesi.

Nesi alianza kutoa vichupa kimoja kimoja na kuvitia kwenye ndoo. "Yupo mmoja ndani, ana hali mbaya," alisema hatimaye, bila kuinua sauti. "Huyo chanjo isingemsaidia tena. Wadogo zake ndio ningewachanja leo. Wako pale nje, wale wawili wenye sweta."

Fundi hakutazama nje. Alienda kwenye friji, akaivuta ukutani, akafungua mgongo. Kifaa cha kuwashia mashine kilikuwa kimeungua. Alikibadilisha, akasafisha waya, na baada ya saa moja friji ilianza kuunguruma. Alisubiri mpaka mshale ukashuka mahali panapotakiwa. Ndani rafu zote zilikuwa tupu, safi, zinang'aa.

Kwenye kilima cha nyuma palikuwa na mtandao. Alimpigia kaka yake.

"Nimeshaongea na Baba," kaka alisema. "Ameazima simu ya mtu huko. Anasema ulipotea njia ukamkausha kwa kiu. Wewe vipi? Mzee wa watu umri ule?"

"Njoo umchukue."

"Ana nini? Mbona ameongea vizuri kabisa?"

"Njoo umchukue," Fundi alirudia, akakata.

Aliporudi alimkuta nesi anaosha ndoo. "Bohari wakipata taarifa, watatuma nyingine baada ya wiki mbili," nesi alisema.

"Nitazifuata mimi. Naondoka sasa hivi. Kesho kutwa asubuhi nimerudi."

Nesi alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu. "Na mzee?"

"Anabaki hapa. Kaka yangu anakuja kumchukua."

Kaka hakuwa amesema anakuja.

"Hapa si nyumba ya wazee, dada."

"Najua."

Nesi alifuta mikono kwenye aproni, muda mrefu, kisha akaonyesha kwa kidevu chumba kidogo cha mwisho kilichokuwa na kitanda. Fundi alitoka. Mabenchi yalikuwa yanaanza kuwa matupu, kina mama wakiwafunga watoto mgongoni kwa ajili ya kurudi walikotoka. Baba yake hakuwepo. Alikuwa ndani ya gari, kiti cha abiria, amefunga mkanda, mlango umefungwa, anatazama mbele kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja dereva mwenzake.

Fundi alifungua mlango wa upande wa mzee.

"Tumefika?" mzee aliuliza.

"Tumefika, Baba. Shuka."

Alimpa mkono, naye akaushika, akashuka.