Ligombo Kwenye Ukuta wa Mabati

"Leo sikubembelezi tena," Mansoor alisema. "Nakwenda kwa askari."

"Nenda," Yotamu alijibu. "Barabara umeinunua lini?"

Walikuwa mbele ya duka la Mansoor, karibu na soko la Iringa, mwaka 1956. Yotamu alipiga ligombo, ubao wenye nyuzi ambao Wahehe hupiga huku wakiimba. Alivunjika mguu kwenye mashamba ya chai, na tangu hapo ligombo ndilo lililolisha watoto wake. Askari alikwisha kumwonya mara mbili. Mara ya tatu angechukua ligombo lake.

Damari, mke wa Yotamu, hakungoja. Alimwita Bibi Matilda, aliyefundisha kina mama katika kazi za maendeleo. Matilda alifika, akawaamkia, kisha akaingia dukani. Alimwomba Yotamu apige kidogo. Alipotoka alimwambia, "Sasa ingia wewe. Damari atavuta nyuzi."

Damari alizivuta mara mbili tu. Mabati ya ukuta yalitetemeka, na makopo yakagongana kwenye rafu. Katika chumba cha nyuma, mama yake Mansoor, aliyeumwa kichwa, alijiziba masikio kwa mto.

Yotamu alitoka nje. Wapigaji huegemeza ligombo kwenye kibuyu ili sauti ikue. Kibuyu chake kilipasuka, akaona mabati ya duka yanatosha. Nje sauti ilikuwa tamu. Ndani ilikuwa kama kukaa tumboni mwa ngoma.

"Mbona hukuniambia, Bwana Mansoor?"

"Nilikwambia ni kelele. Ukasema nawadharau Wahehe."

Matilda aliwakatiza. "Sheria ya mji haikatazi muziki. Inakataza kusumbua watu. Yotamu, omba kibali ofisini. Kitaandikwa mahali pa kupigia na saa. Ukikifuata, hata Mansoor hawezi kukufukuza."

Walibishana kidogo juu ya mahali. Mwishowe walikubaliana: lango la soko, palipo wazi, mbali na kuta. Mansoor aliomba Ijumaa adhuhuri pawe kimya kwa ajili ya sala. Yotamu akakubali.

"Basi twende," Mansoor alisema, akifunga mlango wa duka. "Karani atataka kujua jirani anasemaje."

Yotamu alisema angekwenda kesho.

"Kesho askari atakuwa nalo," Damari alisema, akambebea ligombo.

Saa nane mchana Yotamu alikuwa amekaa langoni, anapiga. Askari alikuja, akanyoosha mkono. Yotamu akampa kibali. Askari alikisoma chote, akamrudishia, akaenda zake.