Kikohozi cha Diwani

"Mwenyekiti akasema imepita. Diwani wa kata ya nne akakohoa kwa nguvu. Mwenyekiti akamwambia, kikohozi si kura."

Kipaza aliyasoma maneno hayo hewani huku amekaa kwenye ncha ya kiti, midomo karibu imeze maikrofoni. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Mji mzima ulikuwa unapiga mswaki na kuchemsha chai, na redio zote zilikuwa zimewashwa.

"Msikilizaji, usikatae kusikia!" aliendelea. "Kile kiwanja cha nyuma ya kliniki, mlichoahidiwa wodi ya wazazi, kimepewa shemeji yake mwenyekiti ajenge kituo cha mafuta. Madiwani wanne walinyoosha mkono kukubali. Saba wakakataa. Mwenyekiti akasema imepita. Hesabu hiyo alifundishwa shule gani?"

Nyuma ya kioo, fundi mitambo alicheka mpaka akashika tumbo. Simu za wasikilizaji zilianza kumiminika. Kipaza alikuwa na raha isiyosemeka. Jina hilo la Kipaza si la wazazi wake, ni la mjini. Alilipata siku alipomuuliza mkuu wa maji, hewani vilevile, kama na yeye huoga kwa yale matope anayowapelekea watu mabombani.

Simu yake mwenyewe ikatetemeka juu ya meza. Ujumbe ulitoka kwa mchumba wake.

"Hicho kikohozi umekitoa wapi?"

Kabla hajajibu, wa pili ukaingia.

"Nijibu."

Halafu wa tatu.

"Ulifungua daftari langu."

Kipaza akapoteza mstari, akasoma jina la diwani mmoja mara mbili, kisha akamfanyia fundi ishara ya kuweka muziki haraka.

Mchumba wake alikuwa karani wa baraza la mji. Mwanamume wa maneno machache, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Kazi yake ilikuwa kuandika muhtasari wa vikao, na alikuwa na mtindo wake ambao hakuna karani mwingine angeufuata. Kwenye daftari la mkono aliandika kila kitu: nani kakohoa, nani kasinzia, nani katazama saa mara tatu. Alisema bila hivyo hakumbuki nani alisema nini. Baadaye ndipo alipochapa nakala safi, isiyo na vikohozi wala usingizi. Madiwani wote waliujua mtindo huo, na walimtania kila siku.

Kwa hiyo Kipaza aliposoma kikohozi kile hewani, ni kama alitaja jina la karani na mtaa anaokaa. Uhondo ulikuwa umemzidi nguvu. Angeweza kusoma kura tu akaishia hapo, lakini wapi! Utamu wa kikohozi ulimshinda.

Alimpigia mara tano. Mara ya sita simu ikapokelewa.

"Mpenzi, nisikilize kwanza."

"Jumapili, nilipoenda jikoni kupasha chakula," karani alisema taratibu. "Ndipo ulipopiga picha?"

"Nilikuomba. Ukasema ningoje muhtasari uthibitishwe."

"Nilikunyima."

"Ulininyima, ndiyo. Na wakishathibitisha, kiwanja kimekwenda! Wewe ulijua, ukakaa nacho tumboni!"

"Nilikuwa natafuta njia yangu."

"Njia gani hiyo ya kobe? Watu wanajifungulia sakafuni!"

Karani akauliza swali ambalo Kipaza, bingwa wa maswali, hakulitarajia.

"Miaka miwili hii, ulikuwa unakuja kwangu kwa ajili yangu, au kwa ajili ya daftari?"

"We! Usiniambie hivyo."

"Mwenyekiti ameniita. Kwaheri."

Kipaza alibaki ameshika simu sikioni kama mtu anayesubiri ijirudie yenyewe.

Mchana huo alikwenda kliniki kwa dada yake, ambaye alikuwa mkunga pale. Kwa kweli hasira zote za kiwanja zilianzia kwa dada huyo, aliyemwonyesha wajawazito watatu kwenye kitanda kimoja. Alitegemea kupongezwa.

"Nimekusikia redioni," dada alisema huku ananawa mikono. "Wagonjwa wamepiga makofi mpaka nikawafukuza dirishani. Mchumba wako anasemaje?"

Kipaza akamweleza yote. Dada akafunga bomba la maji, akamgeukia.

"Kwa hiyo umemwibia."

"Nimeokoa wodi yako!"

"Bado hujaiokoa. Na yeye umemwibia. Mambo mawili hayo, mdogo wangu, usinichanganyie."

"Sasa nifanyeje?"

"Unaniuliza mimi? Wewe si ndiye unayejua kila mtu afanye nini, kila siku saa moja asubuhi?"

Neno hilo lilimchoma, na lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli.

Habari zilizofuata zilikuja kupitia fundi mitambo, mtu mwenye masikio katika kila ofisi ya mji.

"Mambo yamekuwa mazito," alimwambia. "Mwenyekiti anatangaza kwamba ulichosoma ni uongo ulioutunga. Alhamisi kuna kikao cha wazi cha kuthibitisha muhtasari. Amemwambia mchumba wako achague. Akisema daftari hilo halipo na halijawahi kuwepo, kazi yake iko salama. Wewe utashtakiwa kwa uzushi, na kiwanja kinapita."

"Na akisema lipo?"

"Basi yeye ndiye aliyevujisha siri za baraza. Anafukuzwa palepale."

"Atachagua nini?"

"Dada, mimi nafunga nyaya tu. Lakini mtu mwenye mama wa kutunza atachagua nini?"

Kipaza hakula siku hiyo. Kila alipojaribu kupanga la kusema, alijikuta anaiona ile meza ya Jumapili, kitambaa chenye maua ya bluu, na sauti ya karani kutoka jikoni ikimuuliza kama anataka pilipili. Alikuwa amejibu "Kidogo tu!" huku kidole chake kikipiga picha ya ukurasa wa nne. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alhamisi asubuhi alimfuata mhariri wake.

"Naenda kusema barazani kwamba niliiba."

Mhariri alivua miwani. "Una wazimu? Mwandishi hataji chanzo chake!"

"Chanzo ni mimi mwenyewe na simu yangu. Hakuna aliyenipa."

"Ukisema hivyo nitalazimika kukusimamisha. Kituo kizima kitaitwa cha wezi."

"Nisimamishe."

"Kipindi chako kinasikilizwa kuliko vyote hapa!"

"Bosi, nimesema nisimamishe. Nikikaa kimya leo, kesho nitafungua mdomo kumsema nani?"

Mhariri akavaa tena miwani. "Nenda," alisema. "Na ukifika, sema kwa sauti. Ukumbi ule hausikiki nyuma."

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Madiwani kumi na mmoja walikaa mbele kwa safu mbili, mwenyekiti katikati, suti yake ya kijivu ikimbana kifuani. Karani alikuwa kwenye meza yake ya pembeni. Hakumtazama Kipaza hata mara moja. Macho yalikuwa mekundu, shati halikupigwa pasi, na hilo la shati ndilo lililomwumiza zaidi.

Kanuni za baraza ziliruhusu mwananchi mmoja kuuliza swali kabla ya ajenda kufunguliwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeitumia kanuni hiyo ila mtu mmoja.

"Ni wewe tena?" mwenyekiti aliguna alipoona mkono umepanda. "Uliza swali. Hotuba peleka redioni kwako."

Kipaza alisimama.

"Swali langu ni fupi, mheshimiwa. Mtu akiibiwa, anaadhibiwa yeye au mwizi?"

"Mwizi yupi?"

"Mimi."

Ukumbi ukaguna. Karani akainua kichwa.

"Sikupewa kitu na karani wa baraza hili," Kipaza alisema kwa sauti ya kufika nyuma. "Nilimwomba akaninyima. Nikamwomba tena, akaninyima tena. Jumapili nilikuwa mgeni nyumbani kwake. Alikuwa jikoni ananipashia chakula. Nikafungua daftari lake, nikapiga picha. Hizi hapa, zina tarehe na saa, na kitambaa cha meza yake kinaonekana. Yule hakuvujisha siri. Aliibiwa na mtu aliyemwamini."

"Yaani unakiri?" mwenyekiti alishindwa kuficha furaha yake.

"Nakiri. Habari ilikuwa ya kweli, na mji ulikuwa na haki ya kuijua. Lakini nilivyoipata ni vibaya. Nimemdanganya mtu ninayempenda, tena akiwa ameshika sahani yangu. Kama kuna wa kuadhibiwa, nipo hapa."

Akakaa. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mwanangu, umesema!" Mlinzi akamwambia anyamaze. Hakunyamaza.

Mwenyekiti akamgeukia karani, tabasamu limekaa sawa. Alikuwa na hakika na jibu.

"Basi karani atumalizie. Mwambie mtangazaji huyu na wenzake. Daftari hilo lipo, au amelitunga kama anavyotunga mengine?"

Karani akasimama polepole. Akafungua begi lake, akatoa daftari jeusi lililochakaa kona, akaliweka mezani mbele ya kila mtu.

"Lipo."

"Umesemaje?"

"Daftari lipo, mheshimiwa. Nimeibiwa picha zake, kama mlivyosikia, na sikumtuma mtu. Lakini nilichoandika humu ndicho kilichotokea. Wanne walikubali, saba walikataa. Nakala mliyonilazimisha kuchapa, isemayo imepita, siwezi kuisoma leo kama muhtasari."

"Kaa chini!"

"Nakaa. Lakini nimeshasema."

Hapo ndipo diwani wa kata ya nne, mzee mfupi mwenye koti kubwa, aliporuka kama aliyekalia kaa la moto.

"Na mimi ndiye niliyekohoa!" alifoka. "Nilikohoa kwa sababu niliogopa kusema! Huyu ndiye anayepitisha majina yetu kwenye uchaguzi, sote tunamwogopa. Leo sikohoi. Naukataa muhtasari huo wa uongo!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipanda juu ya viti, wengine wakapiga madirisha kwa viganja. Kura ikaitishwa kwa kelele za watu wenyewe. Mikono saba ikapanda kuukataa muhtasari. Diwani mmoja kati ya wale wanne akatazama umati, na mkono wake ukawa wa nane. Kiwanja kikarudi kliniki.

Dada mkunga alimkumbatia Kipaza mpaka mifupa ikalia. Watu walimbeba juu juu. Kutoka huko juu alimtafuta karani kwa macho, akaona meza tupu.

Jioni ile mhariri alimsimamisha kazi mwezi mmoja, akamwambia huku akimpa mkono kwamba hajawahi kumsimamisha mtu kwa uchungu namna hiyo. Kipaza alikubali. Alichokuwa anakisubiri hakikuwa kwa mhariri.

"Samahani," alimwandikia karani. "Sina la kuongeza."

Ujumbe ulisomwa. Haukujibiwa. Ijumaa ikapita, kimya. Aliishika simu mpaka akawa anaota inalia.

Jumamosi, saa tano asubuhi, alikuwa anaanika nguo uani aliposikia mtu anakohoa langoni. Aligeuka na shuka lenye maji mikononi.

Alikuwa karani. Shati limepigwa pasi.

"Karibu," Kipaza alisema.

"Sijaja kukaa. Nimekuja kukuuliza."

"Uliza."

"Kesho nikiwa na jambo la kazi, nikuambie siwezi kukuambia. Utafanyaje?"

"Nitanuna."

"Halafu?"

"Nitakusumbua. Nitakufuata mpaka bafuni nikikuuliza. Nitakuita mwoga." Alifuta machozi kwa kona ya shuka. "Lakini begi lako sitaligusa. Nikilitaka nitakuja kwa mlango wa mbele, ninyimwe, nirudi tena kesho."

"Kweli?"

"Niulize tena hewani kama huniamini. Ila mwezi huu sina hewa."

Karani alicheka. Alijitahidi asicheke, lakini kicheko kilimtoka.

"Bado nina hasira na wewe," karani alisema.

"Najua."

"Nyingi."

"Unayo haki."

"Na mimi pia nilikosea. Nilikaa na jambo lile siku tisa nikitafuta ujasiri. Uliposimama pale nikaona haya. Kumbe ilikuwa kusema tu." Akavuta pumzi. "Mama anataka kukuona."

Shuka likaanguka kwenye vumbi. "Mimi? Leo?"

"Alikuwa ukumbini, ndiye yule aliyekataa kunyamaza. Anasema mtu anayeweza kujiumbua mwenyewe mbele ya mji mzima hawezi kunificha kitu ndani ya nyumba. Nikamwambia, mama, nina hasira naye."

"Akasemaje?"

"Akasema nioe na hasira zangu hivyo hivyo, zitaishia humo humo ndani."

Kipaza alimtazama, mikono ikichuruzika maji. "Na wewe unasemaje? Simuulizi mama."

"Mimi nimekuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mji kukuchukua. Unataka niseme nini zaidi?"

"Sema."

"Nakupenda, nataka tuoane. Haya, umeridhika?"

"Ngoja nivae viatu!" Kipaza alipiga ukelele, na jirani wa nyumba ya tatu akatoka nje kuuliza kuna nini.