Goti la Mwalimu Laombewa

Ukumbi wa kupokelea mizigo katika uwanja wa ndege ulifurika watu, na kijana mmoja mwenye suruali pana iliyochanika akaona hapo ndipo mahali pa kunyoosha miguu juu ya ubao wake wa magurudumu. Alisukuma mara moja, akasukuma tena, kisha akajikuta amelalia kigari cha mizigo cha binti aliyevaa gauni la kijani na viatu vyekundu.

"Pole," binti akasema. "Breki za hicho kitu ziko wapi?"

"Ni wewe."

"Mimi ndiyo breki?"

"Kwa leo."

Binti alicheka bila kutaka. Muda mfupi baadaye wakakutana tena nje, chini ya bango moja. Kumbe kundi lao ni moja! Walikuwa vijana wa makanisa mbalimbali, waliokuja nchi ya watu kuhubiri viwanjani kwa ubao na dansi. Kijana alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na ndiye atakayeunda miteremko ya kurukia. Binti alifundisha chekechea nyumbani, na huku aliongoza wachezaji. Kundi likawaita Fundi na Mwalimu, basi.

Mlezi wa kundi, mama wa makamo asiye na mzaha, alikwishaonya kwamba hawakuja kuchumbiana. Lakini nani angemzuia Fundi kuinua kinga ya uso kila muziki ulipoanza? Siku moja nusura achomelee kidole chake.

"Angalia kazi yako," Mwalimu akamwambia.

"Naiangalia."

"Kazi yako ni chuma, siyo mimi."

"Chuma hakichezi hivyo."

Jioni moja waliachiwa masufuria ya kuosha, wawili tu. Mwalimu akasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Fundi, nikikwambia jambo litabaki hapa?"

"Litabaki."

"Goti langu limekwisha. Daktari amesema nikirudi napasuliwa, na baada ya hapo nisahau kucheza. Onyesho la Jumamosi ndilo langu la mwisho. Mama yangu hajui, wala mlezi. Nataka nicheze kwanza, halafu ndiyo nilie."

Fundi alikosa usingizi. Tusimlaumu upesi. Kijana huyu alilelewa kanisani, na hakujua dawa nyingine ya mzigo mzito ila kusimama mbele ya watu na kusema tuombe. Asubuhi, mlezi alipouliza nani ana hitaji, alisimama.

"Tumwombee Mwalimu. Anatakiwa kupasuliwa goti, na anaogopa."

Watu wakasema amina. Mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akalituma hitaji hilo kwenye kundi la simu la kanisa la nyumbani kwa kina Mwalimu. Na mlezi akamwondoa Mwalimu kwenye onyesho kabla chai haijapoa.

Mchana simu ya Mwalimu ikaita.

"Mwanangu, una miguu?"

"Ninayo yote miwili, mama."

"Shangazi yako amenipigia analia, anasema umekatwa mmoja. Mke wa mchungaji amefunga kwa ajili yako. Mimi niliyekuzaa ndiye wa kusikia habari zako kwa jirani?"

"Nisamehe, mama."

"Na huyo kijana aliyesimama kukuombea ni nani?"

"Si mtu, mama."

Fundi alikuwa mlangoni, ameshika barafu iliyofungwa kwenye taulo. Alisikia.

"Mpenzi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na wakati haukuwa mzuri. "Nilikuombea tu."

"Ungeniombea chumbani kwako. Mungu angesikia."

"Nilidhani tukiwa wengi..."

"Nilikwambia wewe, Fundi. Sikuwaambia wengi."

Akapokea barafu, akafunga mlango.

Jumamosi uwanja ukajaa. Mwalimu alikaa kwenye benchi na gauni lake la kuchezea, akishikilia viatu vya wenzake, huku ngoma aliyoitunga mwenyewe ikichezwa na wengine. Iliuma. Fundi aliruka vizuri, watu wakapiga makofi, kisha mlezi akampa kipaza sauti atoe ushuhuda, maana kwa kuongea alijulikana. Akamtazama Mwalimu. "Leo sina la kusema," akajibu, akakirudisha.

Watu walipotawanyika na wenzao wakaenda kupakia vyombo, Fundi alikuja akakaa mwisho wa benchi.

"Nimekukosea. Niliahidi, na hata siku haikupita. Sina cha kujitetea." Akauweka ubao wake chini. "Unataka nifanye nini?"

"Siku ile hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Mwalimu alitazama uwanja mtupu. "Nataka wimbo wangu mmoja."

Hotuba nzima ilimpanda Fundi kooni, kuhusu daktari na kuhusu mlezi, akaimeza yote. "Ukisimama kwenye ubao, miguu itulie tu, mimi nisukume?"

Mwalimu akapanda. Fundi akamshika kiuno, akasukuma taratibu juu ya saruji laini. Spika zilikuwa zimeshapakiwa, kwa hiyo Mwalimu aliimba mwenyewe kwa sauti ya chini. Mikono ikaanza, ikafuata shingo, mabega, vidole, na upepo ukalijaza gauni. Alilia huku akicheza, wala hakujifuta.

"Polepole kwenye kona."

"Ndiyo, Mwalimu."

Wimbo ulipoisha, Fundi hakumwachia.

"Tukirudi nataka kuja kwenu. Nataka kukuoa, kama utanikubali. Sijamwambia mtu."

"Hata mlezi?"

"Hata mlezi. Mungu tu."

"Huyo anajua kunyamaza." Akashuka kwenye ubao, akimwegemea begani. "Nakupenda, na bado nina hasira na wewe. Njoo. Ila ukifika kwa mama, sema jina lako tu. Mengine nitasema mwenyewe."